Mbwa Mzee, Vigae Vipya na Chumvi Yangu

Ninyi vijana mnaosomea mifugo, naomba mwache kunipigia simu kuniuliza dawa ya mbwa mzee anayekojoa ndani ya nyumba. Wiki iliyopita wamenipigia wawili. Mmoja alikuwa amesimama katikati ya sebule ya watu, namsikia mwenye nyumba anafoka nyuma yake, na yeye ananinong'oneza: Mama Masika, nichome sindano gani? Hakuna sindano. Ingekuwapo ningeijua, na leo ningekuwa na nyumba ya ghorofa, nisingekuwa hapa Kasese nagombana na kuku wa jirani. Kila mtu anataka sindano. Mwenye mbwa anataka sindano, ninyi mnataka sindano, mbwa peke yake ndiye anayetaka mtu amfungulie mlango.

Basi kaeni niwaambie mara moja, halafu mniache nipumzike.

Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini, kutoka Kasese mjini mpaka mpakani Bwera, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki ya ofisi iliyokuwa inazima kila ikiona kilima, na huku kwetu vilima ndivyo vingi. Watu waliniita Dokta. Sikuwa daktari. Nilikuwa msaidizi, mwenye cheti cha miaka miwili na buti za mpira. Lakini ukishika sindano mbele ya watu wewe ni dokta tu, na ukilikataa jina hilo mara tatu, mara ya nne unaitika. Mimi niliitika, na niseme ukweli, nililipenda.

Zamani mbwa hakuwa kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe wa Bwesumbu wanaokimbia wakisikia pikipiki. Mbwa tulikutana naye mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa, anakuja amefungwa kamba ya mgomba shingoni, anachomwa, anamng'ata mtu mmoja, anarudi kwao. Alilala jikoni kwenye majivu au chini ya ghala. Akikojoa ndani, nani atajua? Sakafu ilikuwa ya udongo, imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe, inanuka ng'ombe tangu asubuhi. Hakuna mtu aliyempigia mtumishi wa serikali simu kwa sababu ya mkojo wa mbwa. Angechekwa na kijiji kizima.

Halafu, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, vikaja vigae. Mtu akipata pesa kidogo, sakafu ni vigae. Vyeupe, vya kung'aa, mgeni akiingia anateleza na kumtaja Bwana. Na kwa kuwa wezi nao walizidi, mbwa akaingizwa ndani alinde televisheni. Mbwa yule yule aliyelala kwenye majivu miaka kumi, leo analala kwenye vigae, na anaambiwa ole wake. Hapo simu yangu ikaanza kulia.

Kuna jambo moja la kuchekesha kwetu sisi Bakonzo, sijui kama mmeligundua. Mtoto tunamsemesha Lhukonzo, mwalimu tunamsemesha Kiingereza, na mbwa tunamsemesha Kiswahili. Kiswahili kilitufikia na askari, kwa hiyo tulikipokea kama lugha ya kuamrisha. Toka! Lala! Kamata! Sasa mbwa akizeeka masikio yanaziba, na mwenye mbwa hajui, anaongeza Kiswahili. Nilimkuta mwalimu mmoja mstaafu kule Bwesumbu, mtu wa heshima zake, kapiga magoti mbele ya mbwa kiziwi anampigia makelele ya jeshi, toka nje afande, toka nje sasa hivi, mishipa imemsimama shingoni. Mbwa anamwangalia na kumpungia mkia. Nikamwambia, mwalimu, huyu hasikii. Akanijibu kwamba anasikia sana, ni kiburi tu. Nilipiga sufuria kwa kijiko nyuma ya kichwa cha mbwa, hata sikio halikutikisika. Mwalimu akasema labda na sufuria halijui Kiswahili.

Mwingine hapa mjini, mama mwenye duka, alimvalisha mbwa nepi ya mtoto. Alikata tundu la mkia vizuri kabisa, mtu fundi. Akaniita baada ya siku mbili kwa sababu mbwa hapati choo. Nepi haikuonekana popote ndani ya nyumba. Mimi na yule mbwa tulikaa nyuma ya duka siku nzima tukingoja, na sitawaeleza zaidi, maana pengine mnakula.

Na wale wanaomsugua mbwa pua kwenye mkojo wake, hao nimeshindwa nao. Niliwaeleza mpaka sauti ikakauka. Mbwa mzee hakumbuki alichofanya dakika tano zilizopita, anachojua ni kwamba mtu wake ameshikwa na wazimu. Kesho atajificha kukojoa. Atakojoa nyuma ya kochi, na ninyi mtakaa juu ya kochi mkiuliza harufu inatoka wapi.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Daktari Bwambale, marehemu sasa, mtu mfupi mwenye hasira fupi kama yeye. Yule alikuwa daktari kweli. Alinifundisha kwamba ukiitwa kwa ajili ya mkojo, usiulize mkojo. Uliza maji. Mnyama anakunywa nini, anakunywa kiasi gani, nani anamjazia chombo, chombo kinajazwa mara ngapi. Halafu ndipo utazame miguu, kama nyonga zinamuuma hata hawezi kushuka ngazi. Utazame alipolala: kama godoro lake limelowa na yeye hana habari, huyo anavuja usingizini, hakosi adabu. Utazame mlango: unafunguliwa saa ngapi, na nani? Nusu ya mbwa wazee niliowaona hawakuwa na ugonjwa wowote, walikuwa na mlango uliofungwa. Na usimnyime maji hata siku moja. Mbwa mzee akinyimwa maji figo zinaharibika, halafu mtaniita kwa kazi nyingine.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nawafundisha wengine. Sasa sikilizeni nilichomfanyia Kapita.

Kapita alikuwa mbwa wa Mzee Kambale, Mkongomani wa upande wa Butembo, aliyevuka mpaka na familia yake wakati kwao kulipochafuka, akakaa Bwera na kuzeekea Bwera. Kapita alivuka naye akiwa kitoto ndani ya kikapu cha mihogo. Kwao kapita ni msimamizi wa vibarua, na kweli yule mbwa alikuwa na sura ya mtu anayekuangalia kazi uliyofanya na kuona haitoshi. Mke wa Mzee alikuwa amefariki. Macho ya Mzee yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Walibaki yeye, mbwa, na binti yake Kavira, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Mpondwe. Kavira ndiye aliyejenga nyumba, na nyumba ilikuwa na vigae, tena vyeupe.

Kavira aliniambia siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kunionyesha sakafu, kwamba tangu mama yake afariki yule mbwa ndiye anayemwamsha baba yake. Asubuhi Kapita anamgusa mkono kwa pua, Mzee anaamka, wanakwenda misa polepole, mmoja kipofu nusu na mwingine kiwete nusu, wanarudi, wanaota jua. Hata kabla ya hapo, mbwa alipolazwa kwangu kwa kidonda, Mzee hakutoka kitandani mpaka mbwa aliporudi. Kwa hiyo nilijua. Hakuna aliyenificha kitu. Nilijua kwamba mbwa yule akiondoka, Mzee naye atamfuata.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Mara moja au mbili kwa wiki, kijiziwa cha mkojo karibu na mlango wa nyuma. Lakini Kavira hakuwa na stoo, marobota yake ya vitenge yalipangwa pale pale sebuleni, na mwenye vitenge hataki kusikia neno mkojo. Siku ile ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, mimi nina haraka, watu wananingoja niwapigie mihuri kwenye vibali vyao. Sikuvua hata kofia ya pikipiki. Nilitazama kijiziwa, nikasema ni uzee, mwageni chumvi.

Chumvi gani? Chumvi ya Katwe, ile ya kijivu, ya mabongemabonge. Hapa kwetu inauzwa kwa kopo, ya ng'ombe na mbuzi. Mama zetu walikuwa wakiimwaga juu ya godoro la mtoto kikojozi, inanyonya unyevu, unaianika, unaikung'uta, harufu imekwisha. Mama yangu alifanya hivyo kwa godoro langu mwenyewe, sioni aibu kusema. Basi mimi nikaichukua akili ya godoro nikaipeleka kwenye vigae. Nilikuwa nimeiagiza katika nyumba nyingi kabla ya hapo na kila nyumba ilinishukuru, angalau siku ile. Nikamwambia Mzee amwage pale mlangoni na pembeni mwa kuta kila asubuhi, aiache mpaka jioni, ndipo ifagiwe. Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno. Akanirudishia maagizo yote kama katekisimu, hakukosea hata moja.

Baada ya wiki mbili Kavira akanipigia. Kijiziwa sasa ni kila siku. Nilikuwa nimeshika mguu wa ndama, simu nimeibana kwa bega, nikamwambia aongeze chumvi. Baada ya wiki nyingine akapiga tena, sasa ni mara tatu kwa siku, na si kijiziwa tena, ni ziwa. Nikamwambia uzee unakwenda mbio, hakuna wa kuushika. Mnaona? Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Swali ndilo sikuwa nalo.

Halafu ikaja simu ya tatu. Kapita alikuwa amelowesha robota zima, vitenge vya harusi ya watu, vimeshachaguliwa, na Jumapili jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwake. Kavira hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Dokta, niko nachoka. Kuja Ijumaa na ile sindano ya mwisho. Papa nimeshamuambia."

Nikamuuliza baba yake amesema nini. Akasema aliomba tu sabuni.

Ijumaa nilifika asubuhi. Safari hii nilivua kofia. Kazi ile sikuizoea hata mara moja, na ninyi mkiona mmeizoea, mwache, mkauze nyanya. Mzee alikuwa amemwogesha Kapita kwa sabuni ya mche na kumkausha kwa shuka lake mwenyewe. Kwenye kiti kulikuwa na kitenge kimekunjwa, kizuri, si kile kilicholowa, cha kumfunga baadaye. Kavira alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Kila siku alikuwa anaondoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jua likizama, tangu chumvi ianze kumwagwa siku ile tu ndiyo alibaki nyumbani asubuhi.

Nilianza kupanga vitu vyangu. Mzee akasema nimsubiri kidogo, kuna kazi hajamaliza. Akainuka, akapapasa kopo nyuma ya mlango, akaanza kumwaga chumvi. Siku ya mwisho ya mbwa, na yeye anafuata maagizo ya dokta. Aligusa ukuta kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine, polepole, asiruke mahali.

Na Kapita akamfuata nyuma. Mzee anamwaga, Kapita analamba. Alilamba kwenye mistari kati ya kigae na kigae, bila haraka, kama mtu aliye kazini. Walimaliza ukuta wa kwanza, wakageuka pamoja, wakaingia wa pili. Mzee hakuona kwa sababu haoni. Kavira hakuwahi kuona kwa sababu hakuwapo. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya dawa mkononi, natazama tu, na akili yangu mbovu bado haijafika. Halafu Kapita akachechemea mpaka kwenye beseni, akanywa. Akanywa, akanywa, akanywa, beseni likabaki tupu, akasimama akashangaa kidogo, akachutama akakojoa pale pale mbele yangu.

Chumvi ya kulamba. Ofisini kwetu ndilo jina lake. Miaka thelathini nimeandika kwenye vitabu vya stoo, chumvi ya kulamba mfuko mmoja, chumvi ya kulamba mifuko miwili, kwa mkono huu. Wanyama wanailamba, ndiyo maana tunaiita hivyo, na mimi nikaimwaga mbele ya pua ya mnyama halafu nikashangaa kwamba ana kiu.

Nilimwambia Mzee aache kumwaga chumvi, kisha nikamuuliza beseni analijaza mara ngapi kwa siku. Mzee akasema, "Leo ni mara ine, mara tano. Mbele ilikuwa mara moja." Hilo ndilo swali la Daktari Bwambale, swali la kwanza kabisa, na nililiuliza baada ya wiki nne, sindano ikiwa mezani.

Sasa niwaambie kilichonijia kichwani, maana na ninyi kitawajia siku moja. Nilifikiri: Masika, nyamaza. Mwambie Kavira umemkagua mbwa upya, umeona kuna dawa mpya. Mpe vidonge vya vitamini. Sema chumvi isimame kwa muda ili dawa ifanye kazi. Baada ya wiki mbwa atapona, na Bwera nzima itasema Dokta Masika amemrudisha mbwa kutoka kaburini. Vidonge vilikuwa kwenye mkoba. Nilivigusa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba kabisa.

Kilichonizuia si utakatifu, msinipake mafuta. Ni kwamba Mzee alikuwa amesimama anasikiliza. Watu wasioona wanasikiliza vibaya sana, wanasikia hata unapoacha kupumua. Aliliweka kopo chini. Akauliza chumvi ina nini. Nikasema mbwa anailamba. Akafikiri, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ni mimi njo namwanga ile chumvi," akasema. "Kila asubuhi, na hii mikono. Basi ni mimi njo niko namuua?"

"Hapana, Mzee. Ni mimi. Wewe ulifanya nilichokuambia, na nilichokuambia kilikuwa kibaya."

Kavira aligeuka kutoka dirishani. Kisha akaniuliza kama najua amepiga magoti mara ngapi kwenye vigae hivi, kama najua jinsi alivyomwambia baba yake habari ya sindano, na alivyokosa usingizi. Nilisema najua. Akasema sijui. Alikuwa na haki. Chai ilikuwa imeiva jikoni, naisikia harufu ya tangawizi, na sikupewa.

Tulichofanya ni hiki, na hapa muandike, maana ndicho mlichokuwa mnakitaka. Tulifagia chumvi yote, tukasugua vigae kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, hasa ile mistari, kisha tukapitisha siki iliyochanganywa na maji, ikakauka yenyewe. Harufu ya mkojo mbwa anainusa hata wewe usipoinusa, na akiinusa anadhani hapo ndipo choo chake. Mlango wa nyuma ulikuwa na ngazi mbili ndefu, na Kapita nyonga zilikuwa zimekwisha: ndicho kilichokuwa chanzo cha kile kijiziwa cha kwanza, mbwa alifika mlangoni akashindwa kushuka. Tukaweka ubao wa kuteremkia, tukaupigilia gunia asiteleze. Mzee akapewa kazi mpya, kumtoa nje akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala, mbwa awe ameomba kutoka au hajaomba. Marobota yakapandishwa juu ya mbao. Maji nilisema yabaki, anywe anavyotaka. Sindano ikarudi mkobani.

Siku tatu za kwanza alikunywa sana bado, halafu akapungua. Wiki ya pili Kavira akanipigia, sauti kavu, akasema sakafu ni kavu, kasoro pale anapolala, matone. Nikamwambia huo sasa ni uzee wenyewe, ule wa kweli, atandike sweta kuukuu na kulifua. Kapita aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi. Alikufa mwenyewe, mchana, juani nyuma ya jiko. Mzee alimfunga kwa kile kitenge.

Ninyi sasa mmetulia, mnaona yamekwisha vizuri. Hata mimi nilitaka yaishie hapo. Lakini ile Ijumaa nilipofika nyumbani Kasese na kutoa vitu mkobani, ile chupa ambayo sikuitumia nikaiweka mezani, na nikakumbuka siku ambayo niliitumia. Mwaka uliotangulia, Nyakalengija, kwa Thembo, mpagazi wa mlimani, mwenye mbwa jike mzee aliyeitwa Sajini. Mbwa alikuwa anakojoa ndani kidogo kidogo. Nilimwagiza chumvi. Baada ya miezi michache hali ikawa mbaya, nikaenda nikamchoma, Thembo amempakata kichwa mapajani. Nilimwambia ni uzee, hakuna ambaye angeweza kufanya kitu. Akanishukuru. Akanipa jogoo. Na mimi jogoo yule nilimla.

Sikwenda kesho yake. Niliipita njia panda ya Nyakalengija mwezi mzima, kila mara nina haraka, kila mara kuna ng'ombe anazaa mahali fulani. Nilijiambia mbwa ameshakufa, habari hii itamsaidia nani? Nilijiambia mengi. Mwisho nilijichoka mwenyewe, nikakata kona.

Niliwakuta Thembo na mkewe Biira uani, wanachambua maharage kwenye mkeka. Waliinuka wote wawili, dokta amekuja. Nilikataa kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka haraka, nisije nikabadili nia: kwamba chumvi niliyowapa ndiyo iliyomtia Sajini kiu, kwamba kiu ndiyo iliyoleta mkojo wote ule, kwamba nilimuua mbwa ambaye pengine alikuwa na mwaka mzima mbele yake, na kwamba nilimwambia Thembo ni uzee kwa sababu sikutazama. Sikujua kama alikuwa analamba, nikasema, lakini nadhani alikuwa analamba.

Thembo alikaa tena polepole. Biira aliendelea kuchambua maharage, vidole vyake tu vinatembea.

"Ilikuwa inalamba," Biira akasema. "Tuliiona kila siku."

Nikawauliza, karibu nipige kelele, kwa nini basi hawakuniambia. Neno moja tu. Simu walikuwa nayo.

Thembo alinitazama bila hasira yoyote. Alionekana ananihurumia kwa kutoelewa jambo rahisi.

"Dokta, tulifikiri ndiyo dawa yenyewe," akasema. "Siku ikikataa kulamba, mimi nilikuwa naishika kichwa."